DIWANI AULIZWE LIPI?

Katika kata za Mkoa wa Mara, tangu mwalo wa Mwigobero mjini Musoma hadi vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti, mwananchi akikosa maji humwendea diwani. Daraja likibomoka humwendea diwani. Tembo wakimaliza mtama humwendea diwani, na zahanati ikikosa dawa ni yeye yule yule. Hatuoni ubaya katika desturi hiyo. Mbunge huwa Dodoma sehemu kubwa ya mwaka, na Mkuu wa Wilaya hakuchaguliwa na mtu yeyote wa kijijini. Lakini twaona kwamba mambo mawili ambayo diwani hudaiwa kuliko mengine yote, yaani maji na barabara, yamekwisha kuondolewa mikononi mwa baraza lake, na wananchi hawakuelezwa vya kutosha.

Yafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa katika mikutano mingi husemwa nusu nusu. Mwaka 2017 Serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na barabara zilizokuwa za halmashauri zikahamia huko pamoja na wahandisi na mafungu yake. Mwaka 2019 sheria mpya ya maji ikaunda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na idara za maji za halmashauri za wilaya zikafuata njia ile ile. Sababu zilizotolewa hazikuwa za mzaha. Halmashauri nyingi zilikuwa na fedha kidogo na wahandisi wachache, na visima vilivyochimbwa kwa gharama kubwa vilikauka au kuharibika pasipo fundi wa kuvitengeneza.

Hata hivyo, badiliko hilo lilikuwa na bei yake. Zamani mhandisi wa maji alikuwa mtumishi wa halmashauri. Diwani aliweza kumsimamisha barazani, akamwuliza kwa nini pampu ya kijiji fulani haijatengenezwa, na jibu lisiporidhisha, baraza lilikuwa na la kufanya. Leo meneja wa RUWASA hufika barazani, husoma taarifa yake, huulizwa maswali na huyajibu kwa adabu. Kisha hurudi kwa wakubwa wake, ambao baraza halina amri juu yao. Bajeti yake haipigiwi kura na madiwani. Ndipo diwani hurudi katani mwake na maneno matupu, na wananchi husema amelala.

Tutazame Butiama. Wilaya hiyo haiko mbali na Ziwa, walakini kwa miaka mingi akina mama wa huko wamebeba ndoo kichwani kutoka kwenye visima na malambo. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa kutoka Mugango, kupitia Kiabakari hadi Butiama, ulisubiriwa muda mrefu, na umehitaji mikopo ya nje, kutoka Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi katika Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kuwa ya diwani, na yeyote anayewaambia wapiga kura kwamba ataleta bomba kwa nguvu zake anawadanganya.

Lakini bomba kubwa likifika, lazima vituo vya kuchotea vijengwe mahali fulani, na mtu fulani atatoa ardhi yake ili mabomba yapite. Jumuiya ya watumia maji itaundwa, itakusanya fedha kwa kila ndoo, na itatakiwa kuweka akiba ya kununulia koki na vipuri. Hapo diwani anayo kazi ya kweli. Mapato na matumizi ya jumuiya hiyo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuuhudhuria. Twauliza: ni vijiji vingapi ambavyo mikutano hiyo hufanyika kwa wakati? Diwani asiyejua jibu kwa vijiji vyake mwenyewe hana haki ya kulaumu RUWASA.

Huko Bunda shida ni nyingine. Vijiji kama Hunyari, Mariwanda na Kihumbu vimekaa jirani na hifadhi, na tembo hawajui mpaka. Mkulima hulima miezi mitano, na usiku mmoja kundi hupita shambani. Askari wanaowarudisha tembo ni wa TANAPA au wa TAWA, wala si wa halmashauri. Fedha za kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa wafiwa, hutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Kanuni za mwaka 2011 zilifunga malipo ya mazao katika ekari chache na kuyapima kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, hata aliyelima karibu mno hakupata kitu. Jina lenyewe lasema kwamba si fidia. Sisi twaona kwamba kumwita mtu mlinzi wa urithi wa taifa, kisha kumlipa jasho tu kwa chakula cha mwaka mzima, ni jambo ambalo madiwani wa Bunda wana haki ya kulipigia kelele mpaka Bungeni.

Lakini hata hayo malipo madogo mara nyingi hupotelea njiani, na njia hiyo huanzia katani. Shamba lililoliwa usiku wa Jumatatu halipimiki sawasawa baada ya wiki tatu, mvua ikiwa imekwisha kufuta nyayo na mkulima akiwa amekwisha kufyeka mabua apande upya. Mtendaji wa kijiji lazima aandike siku ile ile, afisa ugani apime, na karatasi zifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya zikiwa zimekamilika. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe wake, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Basi anacho chombo. Akiweka utaratibu kwamba kila shamba lipimwe ndani ya siku tatu, na katika kila kikao aulize ni madai mangapi yamepelekwa na mangapi yamerudishwa, atakuwa amewafaa watu wake kuliko hotuba kumi. (Mabati yanayogawiwa kutoka mfukoni ni mema pia, ila hayo ni sadaka, na sadaka haiingii katika muhtasari wa baraza.)

Musoma tutapita kwa ufupi, maana mji una mambo yake: masoko, taka, mitaro, vibanda vya machinga. Haya kwa sehemu kubwa yamebaki kwa halmashauri, na hapo diwani asitafute pa kujificha. Hasa twataja mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sheria iliigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarejea mwaka 2024. Mama anayeanika dagaa mwaloni aliukosa mkopo muda wote huo kwa makosa ya watu wengine, na vikundi hewa havikujiandikisha vyenyewe. Vilipita katika kata ambazo kila moja ina diwani.

Wapo watakaosema kwamba halmashauri zimenyang'anywa mno, na kwamba hakuna la kufanya. Ni kweli kwamba zimepungukiwa. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na masikini hawakuililia. Kodi ya majengo ikapelekwa TRA mwaka 2016. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula, jambo ambalo mkulima wa pamba wa Bunda alilifurahia na mweka hazina wa wilaya yake hakulifurahia hata kidogo.

Nchi hii imewahi kujaribu kuishi bila madiwani. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na mamlaka yakawekwa kwa watumishi wa Serikali mikoani na wilayani. Miji ikachafuka, zahanati na barabara za vijijini zikakosa mwenyewe. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ambaye uamuzi wa 1972 ulipita mikononi mwake, alikiri baadaye kwamba kuzivunja kulikuwa kosa.

Kwa hiyo twapendekeza jambo ambalo halihitaji kuvunja wakala wowote. Mpango wa mwaka wa TARURA na wa RUWASA kwa kila wilaya upitishwe na Baraza la Madiwani kabla ya kupelekwa juu, wala si kusomwa tu kwa taarifa. Meneja akishindwa kazi, azimio la baraza juu yake lijibiwe kwa maandishi na wakubwa wake katika muda uliowekwa. Na diwani naye, akitoka barazani, asome katani swali aliloliuliza na jibu alilopewa, neno kwa neno, ili mwananchi wa Kiabakari au Hunyari ajue safari hii amwulize nani.