Mfumo Huria, Kadi Bubu: Ufunguo U Mkononi mwa Nani?

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii yaeleza kwa muhtasari sababu ya mifumo endeshi huria ya tarakilishi kustahili kupokewa kwa moyo mkunjufu na wapenzi wa Kiswahili. Linux, iliyoasisiwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka wa 1991, yaweza kupatikana pasipo kulipia leseni, na msimbo wake ni ruhusa kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutafsiri. Ni uhuru wa aina hiyo uliouwezesha mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004: programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Hata hivyo, uhuru huo hukwama mahali padogo mno, napo ni kwenye kadi ya mtandao pasiwaya. Mwanafunzi hununua kipakatalishi kilichokwisha kutumika, akapachika mfumo huria, nacho kikawaka vyema. Lakini mtandao wa chuo hauonekani. Kadi imekuwa bubu. Baada ya siku mbili tatu za kuhangaika, huufuta mfumo huo na kurudia nakala ya wizi ya mfumo wa kibiashara. Lawama zote hutupiwa Linux. Je, ni haki?

Kadi yoyote huhitaji kiendeshi, yaani programu inayofasiri amri za mfumo endeshi katika lugha inayoeleweka na chipu iliyomo kadini. Kiendeshi, kwa hiyo, ni mkalimani. Mkalimani atafunzwaje iwapo mwenye lugha ameificha sarufi yake? Kampuni ya Broadcom, ambayo chipu zake zilienea sana katika vipakatalishi vya miaka ya 2000, haikuwapa wanaprogramu huria maelezo ya chipu hizo. Wanaprogramu wa kujitolea walilazimika kukichunguza kiendeshi kilichofungwa cha kampuni hiyo hatua kwa hatua, mithili ya mwanaisimu anayeiandikia sarufi lugha isiyowahi kuandikwa. Matunda ya kazi hiyo yaliingizwa katika Linux 2.6.17 mwaka wa 2006. Hata hapo, chipu ilihitaji kupakiwa programu yake ndogo ya ndani, ambayo haikuruhusiwa kusambazwa pamoja na mfumo. Mtumiaji aliambiwa aipakue mtandaoni, ilhali mtandao ndio alioukosa!

Kampuni husika zimewahi kujitetea kwamba sheria za mawasiliano haziruhusu kufichua siri za redio, kwani mtumiaji angeweza kuzidisha nguvu za mawimbi au kuingilia masafa yasiyo yake. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Atheros ilitoa kiendeshi huria cha ath9k mwaka wa 2008, na mwaka wa 2013, ikiwa tayari chini ya Qualcomm, ikafungua hata programu ya ndani ya chipu ya AR9271. Isitoshe, Linux yenyewe hutumia jedwali la kanuni za masafa za kila nchi. Ni dhahiri kwamba sheria na uwazi vyaweza kukaa pamoja.

Mtego mwingine umo katika jina. Mnunuzi huamini chapa iliyo kwenye kasha, ilhali kinachoamua ni chipu. Mathalani, TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ilibeba chipu ya Atheros iliyotajwa hapo juu, lakini toleo la pili likaja na chipu ya Realtek. Jina ni lile lile, umbo halikubadilika sana, bali kiendeshi ni kingine kabisa. Anayenunua kwa jina tu hununua mbuzi ndani ya gunia.

Leo hali imekuwa nafuu. Viendeshi vya kadi nyingi za Intel na MediaTek vimo ndani ya Linux yenyewe. Lakini soko la vipakatalishi vilivyotumika lingali na chipu za zamani, na wanafunzi wengi hununua huko. Hivyo basi, kabla ya kulipa, mnunuzi na aiwashe tarakilishi kwa Linux iliyo kwenye diski mweko, ajaribu mtandao papo hapo. Amri ya lspci -nn, au lsusb kwa kadi za nje, humwonyesha nambari za utambulisho; kwa kadi za ndani, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, 8086 ni Intel.

Vyuo vikuu navyo havina budi kuandika katika zabuni zao kwamba kadi ziwe na viendeshi huria. Kampuni isiyojali malalamiko ya mwanafunzi mmoja haitapuuza oda ya mamia ya tarakilishi.

Wataalamu wa Kiswahili wasidhani kwamba suala hili ni la wahandisi peke yao. Istilahi za kiendeshi, chipu na msimbo zikiishia katika kamusi bila mwongozo wa Kiswahili unaomwelekeza mnunuzi sokoni, zitabaki mapambo. Mfumo uliotafsiriwa kwa ufasaha lakini usioweza kufika mtandaoni ni kitabu kizuri kilichofungiwa sandukuni. Ufunguo wa sanduku hilo haupaswi kuachwa mkononi mwa mtengenezaji wa chipu pekee.