Simon Nayo Ni Gemu

Wapenzi wa gemu za zamani hawaishi kubishana: je, vile vichezeo vya betri vya miaka ya 1970 na 1980, vyenye taa nyekundu na milio ya kukwaruza, vinastahili kukaa rafu moja na Atari na Nintendo? Wengi husema havistahili, kwa kuwa havikuunganishwa na televisheni. Sisi tunasema vinastahili, na kuvibagua ni kuipunja historia ya gemu.

Tumtazame mtu mmoja. Ralph Baer ndiye mhandisi aliyebuni mtambo uliozaa Magnavox Odyssey, gemu ya kwanza ya kuchezea nyumbani kwenye televisheni, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1972. Heshima hiyo haina mpinzani. Lakini Odyssey haikuwa na sauti wala haikuhesabu pointi. Uwanja wa mchezo ulikuwa karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye kioo cha televisheni, na wachezaji walijihesabia pointi wenyewe.

Mwaka 1978 Baer huyo huyo, akishirikiana na Howard Morrison, akatoa Simon, kichezeo cha duara kilichouzwa na Milton Bradley. Kina vitufe vinne vikubwa: cha kijani, chekundu, cha njano na cha bluu. Taa inawaka na mlio unatoka, nawe unafuatisha. Ukipatia, mfuatano unaongezeka hatua moja. Ukikosea, unaambiwa papo hapo. Ndani mna chipu inayotunga mfuatano, kuukumbuka na kukupima. Wazo lenyewe lilitokana na Touch Me, mashine ya Atari ya mwaka 1974 iliyokuwa ikichezwa kwa sarafu katika kumbi za michezo. Anayeikubali Odyssey na kuikataa Simon atueleze kwa hoja gani.

Mattel nao walitangulia mwaka 1976 na Auto Race, kidude cha mkononi ambacho programu yake haikuzidi baiti 512. Magari ni vistari vya taa nyekundu, lakini kuna gia za kubadilisha, magari ya kukwepa na saa inayokukimbiza. Japani, Gunpei Yokoi wa Nintendo alianzisha Game & Watch mwaka 1980. Mwaka 1982, toleo lake la Donkey Kong likaja na kitufe cha msalaba cha kuendeshea mhusika, kitufe ambacho mfano wake uko hadi leo kwenye vidhibiti vya gemu duniani kote. Game Boy ya mwaka 1989 ilitoka kwenye timu ya Yokoi huyo huyo. Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Hatusemi kila chenye betri kiingizwe. Kipimo chetu ni kimoja: ni nini kinachoshika kanuni za mchezo? Kama ni sakiti za elektroniki zinazomjibu mchezaji na kumhukumu, hiyo ni gemu, iwe inaonyesha matokeo kwa televisheni, kwa kioo kidogo au kwa taa nne. Kama ni gia na springi, hiyo si gemu ya video hata ikifanana nayo. Blip ya Tomy, ya mwaka 1977, ina kitaa kinachorudi huku na huku kama mpira wa Pong, lakini kinachokisukuma ni mashine ya gia ndani. Blip ibaki kwenye kabati la vichezeo vya kimakenika, Simon ihamishwe.

Suala hili lina uzito kwa sababu kisichohesabiwa hakitunzwi. Programu ya vichezeo hivi haiko kwenye kaseti ya kuchomoa. Ilichongwa ndani ya chipu kiwandani. Kuiokoa, mara nyingi mafundi huyeyusha ganda la chipu kwa asidi, wakaipiga picha kwa hadubini, kisha wakasoma alama zake moja moja. Wafanyakazi wa kujitolea wa mradi wa MAME wameokoa nyingi kwa njia hiyo, na sasa zinachezwa kwenye kompyuta. Huku nyuma, betri zilizosahaulika zinavuja na kula waya za vichezeo vilivyobaki.

Jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, New York, limekwisha kuonyesha njia. Liliitambua Atari 2600 kama kichezeo bora mwaka 2007 na Game Boy mwaka 2009. Mwaka 2025 likaiingiza Tamagotchi, kile kiyai cha plastiki cha Bandai, katika orodha yake ya gemu za video zenye heshima. Mpaka umeshavukwa.

Tunataka majumba mengine ya makumbusho yafuate, yaviandike vichezeo hivi kwenye orodha za gemu na kuhifadhi programu zake pamoja na vitabu vya maelekezo. Wakusanyaji waache kuviuza kwa bei ya takataka. Na wewe uliye na kimoja kabatini, kitoe betri leo, safisha vituo vyake, na usikitupe kabla hujamuuliza anayejua.