Saini Zetu Zinaziba Mito

Masika iliyopita, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, nilisimama kando ya kijito kimoja kinachoingia Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Upande mmoja palikuwa na ukuta mpya wa zege unaolinda ghala la tajiri fulani. Ulikuwa mrefu kuliko mtu na umejengwa ndani kabisa ya njia ya maji. Upande wa pili wapangaji walikuwa wakichota tope sebuleni kwa mabeseni, magodoro yameanikwa juu ya bati, na mama mmoja akipekua sanduku lililolowa kutafuta vyeti vya shule vya wanawe. Ukuta haukupata hata ufa. Maji yalikosa njia, yakahamia kwa jirani.

Tajiri hakunishangaza, maana anatetea mali yake. Lakini ukuta ule kuna aliyeuchora. Kuna aliyepiga hesabu za nondo, aliyepima kiwanja akauona mto kwa macho yake, na aliyepitisha makaratasi. Wote hao wana shahada, na kwa jinsi kazi za mezani zinavyoshushwa kwa vijana siku hizi, wengi wao ni wa rika letu.

Sababu za mvua hizi tunazijua: dunia imepata joto, Bahari ya Hindi nayo imepata joto, na walioichafua hewa kwa wingi wako mbali na hapa. Sawa, tuwadai. Ila hakuna Mzungu aliyekuja kumwaga kifusi Msimbazi.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na wengi walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope juu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini. Na kila mara sisi wasomi tulifanya nini? Tulibadilisha picha kwenye simu, tukaandika "poleni Watanzania", tukarudi kazini kuchora kuta nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60! Ukuta niliouona haukuacha hata moja. Tusijifiche nyuma ya bosi. Wahandisi huapishwa na bodi yao, na wakili haingii kazini bila kiapo. Kiapo kile tulikila kwa nani, kwa mwenye ghala?

Najua jibu lenu: ukikataa kusaini leo, jioni anapatikana mwingine na wewe unatafuta kazi. Ni kweli, na ndiyo maana nawaita wote kwa pamoja. Tuna magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza chuo mwaka mmoja, na harusi ya mwenzetu ikitangazwa mamilioni yanapatikana ndani ya wiki chache. Grupu hilohilo lipitishe azimio: mchoro wowote unaoingia mtoni unatajwa humo, na hakuna mwanachama anayeugusa. Tajiri akizunguka ofisi zote akakuta mlango uleule umefungwa, atausogeza ukuta wake.

Wanasheria, sheria hiyohiyo ya mazingira inampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira salama. Msisubiri mteja mwenye pesa. Chukueni hata shauri moja kwa mwaka, bure, kwa ajili ya watu wa mabondeni.

Wengine wote, kabla ya vuli, tembeeni mtaro wa mtaa wenu kuanzia juu hadi unapomwaga. Pigeni picha kila palipoziba, choreni ramani, ibandikeni ofisi ya serikali ya mtaa, kisha nendeni kwenye mkutano wa mtaa mkaulize fedha za mitaro ziko wapi. Hili si ndoto. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea kata za Dar es Salaam wakichora ramani za mafuriko chini ya mradi wa Ramani Huria. Nanyi wa benki na bima, anzeni kuuliza mkopo unajenga nini, na wapi.

Miti tuipande, ndiyo, lakini tuache kuifanya kisingizio. Mche uliopandwa mbele ya kamera tukiwa na fulana mpya, ukafa Agosti kwa kukosa maji, haujamwokoa mtu wa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi.

Serikali imekopa dola milioni 200 Benki ya Dunia kulitengeneza bonde la Msimbazi. Deni hilo tutalilipa sisi, na halitatufaa kitu kama juu ya mto tunaendelea kusaini kuta.

Basi ndugu zangu, nawasihi. Vuli inaanza Oktoba. Mchoro ukiletwa mezani kwako wiki hii na mto umo ndani yake, usisaini. Kisha mpigie mwenzako wa ofisi ya jirani, naye asisaini.