Marvel Rivals: wachezaji milioni 10 kwa siku tatu, lakini nani ana ruhusa ya kuusema vibaya?

Mchezo wa video Marvel Rivals, uliotengenezwa na kampuni ya China NetEase, ulipata wachezaji milioni 10 katika siku tatu za kwanza baada ya kufunguliwa tarehe 6 Desemba 2024. Miezi mitatu na nusu kabla ya hapo, tarehe 23 Agosti, kampuni ya Japani Sony ilikuwa imetoa mchezo wa aina hiyo hiyo, Concord, ambao nao ni wa timu mbili zinazofyatuliana risasi kupitia intaneti. Concord ulizimwa tarehe 6 Septemba. Uliishi siku 14.

Ukiiweka michezo hiyo miwili kando kwa kando, unaelewa kwa nini makampuni yanaogopa sana juma la kwanza. Mchezo wa timu hauchezwi na mtu mmoja. Watu wakisikia ni mbaya, hawaji. Wasipokuja, wale wachache walioingia wanakaa dakika nyingi wakisubiri wenzao wa kucheza nao, wanachoka, wanaondoka pia. Kwenye Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, Concord haukufikisha hata wachezaji 700 kwa wakati mmoja. Marvel Rivals ulipita 400,000 siku ya kwanza. Kwa hiyo maoni ya kwanza ya wachezaji yana bei, na ndiyo maana yanagombaniwa.

Na maoni hayo yanasema nini? Kwa sehemu kubwa ni mazuri. Timu ni za watu sita kwa sita, na mchezo ulipotoka kila mtu alichagua mmoja kati ya wahusika 33 wa hadithi za Marvel: Spider-Man, Hulk, Storm, Black Panther na wengine. Kuna wa kukinga wenzao, kuna washambuliaji, na kuna wa kutibu. Aliyecheza Overwatch, mchezo wa Wamarekani uliotoka mwaka 2016, hatapotea hapa, maana mengi yametoka kule: kusindikiza gari hadi mwisho wa njia, kushika eneo na kulilinda. NetEase haijaficha sana ilikochota.

Yapo yaliyo mapya. Kuta na majengo mengi yanabomoka, kwa hiyo aliyejificha nyuma ya ukuta dakika hii anaweza kubaki wazi dakika inayofuata. Halafu kuna wahusika wanaopeana nguvu wakiwa timu moja. Mchezo ulipotoka, Rocket, yule mnyama mdogo mwenye bunduki, alikuwa akipanda begani kwa Groot, mti unaotembea, na kubebwa katikati ya vita. Hulk naye alikuwa akimwongezea Iron Man nguvu ya mionzi ya gama. Aliyependwa haraka kuliko wengi, na kuchukiwa haraka pia, ni Jeff, papa mdogo wa nchi kavu, ambaye anaweza kuwameza wapinzani kwa pamoja na kwenda kuwatema nje ya uwanja, wanakoanguka na kufa. Kuonekana anaonekana kama mwanasesere wa mtoto.

Risasi zipo nyingi, damu hakuna. Kwa msomaji wa Kivu, ambako mlio wa bunduki si burudani, huenda hilo likasaidia kidogo, au lisisaidie. Rangi na vicheko vya mchezo huu viko karibu zaidi na filamu za katuni kuliko na Call of Duty.

Lawama ya kwanza kubwa inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupanga timu ya mpira mtaani. Kila mtu anataka kufunga, hakuna anayetaka kukaa golini. Marvel Rivals haumlazimishi mtu kuchukua kazi fulani. Matokeo yake, mara nyingi timu inajikuta na washambuliaji wanne, mlinzi mmoja na mtu mmoja wa kutibu ambaye wote wanamlaumu wakishindwa. Overwatch ulikumbana na shida hiyo hiyo na ukaishia kuweka nafasi maalumu kwa kila kazi mwaka 2019. NetEase haitaki kufuata njia hiyo. Inasema uhuru wa kuchagua ndio utamu wa mchezo, na hapo wachezaji wamegawanyika kweli kweli.

Kuingia ni bure, na wahusika wote ni bure. Pesa inatoka kwenye mavazi ya wahusika na pasi ya msimu, ambayo katika msimu wa majaribio wa Desemba ilikuwa ya dola kama 5. Mavazi hayaongezi nguvu. Pasi ikishanunuliwa haiishi muda, na wachezaji wengi wameisifu kampuni kwa hilo, kwa kuwa katika michezo mingine usipomaliza msimu kwa wakati unapoteza ulicholipia. Concord uliuzwa dola 40, ukiwa na wahusika 16 ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao. Kulinganisha tu bei hakutoshi kueleza kifo chake, lakini kijana mwenye dola 40 mfukoni ana haki ya kuuliza anapewa nini ambacho kwingine hakipati bure. Sony iliwarudishia wanunuzi pesa zao. Mwezi Oktoba ikaifunga studio ya Firewalk iliyoutengeneza, na wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Hapo ndipo habari ya mwezi Mei 2024 inapopata uzito. NetEase ilikuwa ikifanya majaribio ya Marvel Rivals kwa watu wachache, na ilitaka wale wanaorusha michezo yao moja kwa moja kwenye Twitch na YouTube wasaini mkataba kabla ya kupewa nafasi ya kuingia. Mchezaji wa zamani wa Overwatch Brandon Larned, anayejulikana kama Seagull, alilalamika hadharani kwamba mkataba huo unamnyima mtu haki ya kuukosoa mchezo. Masharti yalipoonekana, yalikuwa wazi: mtu asiudharau mchezo, asiufanyie kejeli, asiulinganishe kwa ubaya na michezo ya washindani, asitoe tathmini mbaya inayotokana na maoni yake binafsi. Makelele yalikuwa makubwa. Kampuni iliomba radhi, ikasema maneno ya mkataba hayakufaa na yalipotosha, ikaahidi kuyabadilisha.

Radhi hiyo ilitosha wakati ule. Ila inafaa kukumbukwa leo sifa zinapomiminika. Kampuni ambayo ina hakika na kazi yake haihitaji kumfunga mtu mdomo kwa karatasi, na jambo la ajabu ni kwamba mchezo wenyewe, ulipofika mikononi mwa watu, haukuhitaji ulinzi huo. Wengi wameupenda bila kusaini chochote. Wanaojua sekta hii wanasema mikataba ya namna hiyo ipo mingi, na kwamba huu ulijulikana kwa sababu tu kuna aliyekataa na kusema.

Mwezi Desemba likaja jingine la jamii hiyo. Wachezaji waligundua kwamba sehemu ya kuandikiana ujumbe ndani ya mchezo inazuia baadhi ya maneno: kutaja uwanja wa Tiananmen, au kuandika kwamba Tibet, Taiwan au Hong Kong ziwe huru. Kizuizi kilikuwa kinafanya kazi hata kwa mchezaji aliyeko Marekani au Ulaya. Makampuni ya China yanabanwa na sheria za nchi yao, hilo linajulikana. Lakini wachezaji wengi walikuwa hawajawahi kuiona sheria hiyo ikiwafikia mpaka kwenye mchezo wa Spider-Man.

Malalamiko mengine ni ya kiufundi, na kwa wasomaji wa huku ndiyo yanayogusa karibu zaidi. Baadhi ya wahusika, wakiwemo Wolverine, Doctor Strange, Magik, Venom na Star-Lord, waligunduliwa kuwa wanapiga kwa nguvu ndogo zaidi kwenye kompyuta dhaifu. Kompyuta iliyoonyesha picha 30 kwa sekunde ilimfanya Wolverine kuwa mnyonge kuliko yule aliyechezwa kwenye kompyuta yenye uwezo mara tatu ya huo. Kwa maneno mengine, mwenye pesa alikuwa na kucha ndefu zaidi. NetEase ilikiri kasoro hiyo na kuahidi kuirekebisha.

Kwa kijana wa Bukavu au Bunia aliyezoea kucheza Free Fire au PUBG kwenye simu, kulikuwa na kikwazo kabla ya hicho. Marvel Rivals ulipotoka haukuwepo kwenye simu. Wakati ule ulichezwa kwenye kompyuta, PlayStation 5 na Xbox za kizazi kipya tu. Kwenye kompyuta ulidai nafasi ya gigabaiti 70 na RAM ya gigabaiti 16. Anayenunua mega kwa siku anajua mwenyewe hesabu ya kupakua mzigo kama huo, na bado hajahesabu umeme unaokatika katikati ya pambano. Neno "bure" linaanza kuhesabiwa baada ya hayo yote.

Msimu wa kwanza rasmi ulianza tarehe 10 Januari 2025, ukileta Mister Fantastic na Invisible Woman. Human Torch na The Thing walifuata baadaye katika msimu huo huo. Hela na Hawkeye, waliokuwa wakiua wapinzani kwa mbali kwa urahisi uliopitiliza, walipunguzwa nguvu. Wenye kompyuta za zamani, nao, waliambizana kupunguza ubora wa picha mpaka chini kabisa, na kumwacha Wolverine kwa wakati ule.