Nyufa za Disney na nyufa za Geita

Jamani, mnajua kuna kijiji cha "Afrika Mashariki" huko Florida, Marekani? Kinaitwa Harambe, kimo ndani ya Animal Kingdom, bustani ya burudani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1998. Mabango yana Kiswahili, majengo yameigwa kutoka Lamu. Rafiki yangu aliyetembelea huko alinitumia picha, akitegemea nitajivunia lugha yetu. Kilichonikera ni kuta. Zimechakazwa makusudi! Wabunifu walilipwa kutengeneza nyufa na kufifisha rangi, ili mgeni aamini hiyo ndiyo Afrika yenyewe.

Mimi ni wa Shinyanga. Kwetu mtu akishika hela kidogo anaezeka bati, anapiga plasta, anapaka rangi. Ufa ni aibu, si pambo. Na pale Geita, wakazi wa Katoma na Nyamalembo wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba milipuko ya mgodi wa dhahabu inapasua nyumba zao. Wanadai fidia.

Msiniambie ni burudani tu. Tiketi ya siku moja inazidi dola 100. Aliyelipa hizo kuangalia ufa wa kuigiza atakuja kwetu akiutafuta. Akikuta bati jipya atanuna. Tena atatulaumu kwamba tumeharibu utamaduni!