Mbao Zilizooza Chini ya Injini



Alitujia mama mmoja, mjane mwenye mayatima watatu, akatuambia: "Maalim, marehemu ametuachia mashua ya abiria. Injini yatikisika kama yataka kung'oka. Nimeambiwa mbao zimeoza, nizizibe kwa gundi na rangi nimuuzie asiyejua. Je, yafaa?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulifuatana na fundi mzee hadi ufuoni. Akashika bisibisi, akaidunga mihimili miwili ya mbao inayobeba injini. Penye mti mzima ncha iligota. Kandokando ya bolti ilizama kama katika muhogo uliochemka. Akagonga kwa nyundo: mti mzima hulia, uliooza hutoa sauti nzito isiyo mwangwi. Na juu, rangi ilikuwa ingali nzuri.

"Wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo adui," akasema. "Yaozeshayo zaidi ni maji ya mvua." Huingia katika matundu ya bolti na kutuama humo pasipo hewa ya kuyakausha, na kuvu ikaula mti kutoka ndani. Bolti hulegea, injini hutikisika, matundu hupanuka, maji huzidi kuingia. Kisha shafti ya rafadha huenda upande, ikala mahali ipitapo kutoka chomboni, na bahari ikapata njia ya kuingia katika ngama. Hayo yakitukia, abiria wako mbali na nchi kavu.

Dawa yake haina njia ya mkato. Injini huinuliwa kwa kapi. Mbao iliyooza hukatwa mpaka kwenye mti mzima na kupita kidogo, kwani kuvu hutangulia mbele ya uozo uonekanao. Pakishakauka kabisa, kipande kipya cha mti mgumu, kama mbambakofi, huungwa kwa mkato mrefu wa mshazari, yapata mara 8 ya unene wa mbao. Matundu mapya hutobolewa mapana, yakajazwa gundi ya epoksi, kisha yakatobolewa tena katikati ya gundi ili maji yasiuguse mti. Mwisho, shafti hulinganishwa na injini mashua ikiwa inaelea, kwa sababu chombo kilichopandishwa pwani hujipinda kidogo.

Ndipo tukamjibu mama yetu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Unyevu ule uliharibu chakula. Huu waweza kuzamisha watoto wa watu. Basi ama aitengeneze, ama amwonyeshe mnunuzi mbao zenyewe na bei ipungue kwa kadiri ya aibu hiyo.

Alinyamaza kitambo. "Na fedha za kutengenezea sina," akasema.

Fundi akamwambia: "Mwanangu, utanilipa kidogo kidogo mashua ikianza kazi. Lakini isishuke majini kabla sijamaliza."

Wazazi wenzetu, mwenye fungu katika chombo, awe mume au mke, na amwombe nahodha adunge mbao hizo wiki hii, hasa kandokando ya bolti. Wana wetu hupanda vyombo hivyo kila siku.

Wabillahi tawfiq.