Tusimfiche Binti Aliyejifungua

Wazazi wapendwa wa Kondoa, binti wa sekondari akipata mimba, wengi wetu humficha ndani kwa aibu. Humo hukosa kliniki, hukosa masomo, na moyo wake huugua. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Wakati ananyonyesha, asomee nyumbani: kila jioni afungue daftari, nanyi mmshikie mtoto. Asipoweza kurudi, afanye mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama hakufaulu kidato cha pili, aanze na Mtihani wa Maarifa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Basi tusali naye rozari, kisha tumwachie taa asome. Kumficha si uchaji. Ni kumwongezea ugonjwa.